Namba Kutoka Milano

Addis Ababa, Tikimt 25

Natiye, ndugu yangu,

Kwanza salamu za mama yako, Emaye wetu, maana nisipozitanguliza nitagombezwa. Amekaa hapa mlangoni anachagua dengu na ananiuliza kama nimeshaandika kwamba uvae soksi mbili. Nimeandika.

Nipo chumbani kwako, kwenye kitanda chako, ambacho tangu uende Milano mwaka jana kimekuwa changu. Godoro lako limenivunja mgongo hadi nimeelewa kwa nini ulikuwa unashinda maktaba. Barua zako naendelea kuzichapisha pale chuoni, kwa sababu Emaye hataki kusomewa kutoka kwenye simu. Anasema simu haina mkono wa mtu. Jumapili tukitoka kanisani anakaanga kahawa, majirani wanaingia, mimi nasoma. Etiye Tobia wa nyumba ya pili analia hata pale ulipoeleza habari za mvua.

Sasa nina shida, na nakueleza kirefu kwa sababu hata hii Emaye atataka asomewe kabla haijaondoka. Unajua natafuta unga wa kuchuja floraidi kwenye maji ya kwetu Meki. Sichanganyi kitu, sina hata chupa moja. Napanga atomu ndani ya kompyuta, alumini huku, oksijeni kule, naweka floraidi juu yake, kisha naiuliza mashine: inashikwa kwa nguvu gani? Jibu likiwa zuri ndipo watu wa kemia wawashe tanuru. Tatizo ni mashine yenyewe. Ile ya idara tunaigombania kama watoto wenye mpira mmoja, na umeme ukikatika hesabu inaanza upya. Kazi ya wiki nzima haijawahi kufika mwisho.

Abaye sasa hawezi kuinama kanisani, floraidi imemkaza mifupa ya mgongo. Watu wote wanainama, baba yangu amesimama wima kama nguzo, na watoto wa siku hizi wanadhani ana kiburi. Wewe ulihamia Addis ukiwa mdogo, ukaponea. Mimi maji yale yameniachia meno uliyokuwa ukiyaita punje za kahawa, na hadi leo nikicheka naziba mdomo.

Gashe Demissew anayenisimamia amesema nikiitetea tasnifu mwezi wa Sene, mvua zikianza, ile nafasi ya ualimu iliyo wazi idarani ni yangu, na utafiti wa unga utaendelea mikononi mwangu. Nisipoitetea, anapewa mwingine. Wewe uko kwenye mashine kubwa. Nikutumie mafaili, uyaendeshe, unirudishie majibu? Mama yako ndiye aliyenibeba siku ya ubatizo, ndiyo maana sisi ni ndugu. Nisipokuomba wewe, nitamwomba nani?

Dada yako,
Wubit

*

Milano, 14 Novemba

Wubiye,

Tuma. Unaniombaje kama mgeni? Tuma yote.

Mashine ya huku inajaza ukumbi. Ina baridi humo ndani kuliko nje, na inavuma kama nyuki. Kazi yako ya wiki inaisha kabla sijamaliza kupiga mswaki. Nimeshaendesha yale ya kwanza ya alumini tupu, namba ziko chini ya barua. Mafaili yenyewe ni mazito mno kwa mtandao wenu, utakaa unaangalia kile kiduara kinazunguka hadi uote mvi, kwa hiyo nitakuwa nakutumia namba tu.

Profesa wangu ni mtu wa maneno machache. Wiki iliyopita alisimama nyuma yangu, akaangalia kazi yangu, akasema "si mbaya". Wenzangu wanasema kwake hiyo ni sifa ya harusi. Mitihani iko mwezi ujao na inanitoa jasho, lakini nitapita.

Injera sijaiona tangu mwezi wa tano. Nakula tambi kama mfungwa. Emaye, najua unasikiliza: soksi nimevaa, mbili mbili. Etiye Tobia, usilie, huku leo hakuna mvua.

Nati

*

Addis Ababa, Tahsas 30

Natiye,

Umekuwa mfaranji, Mzungu kabisa, hadi tarehe zako. Krismasi yao ulinitumia heri na picha ya mti, yetu ilikuwa jana na hata neno moja hukuleta. Emaye aliiweka sahani yako mezani. Nilimwambia uko kazini, kwao huko siyo sikukuu. Alisema sawa, akaifunika.

Haya, nimekusamehe, kwa sababu alumini yako imenifurahisha mno. Namba ulizonipa zinasema floraidi inashikwa kidogo tu, na hivyo ndivyo Lidet alivyopima kwa mikono yake. Lidet ni yule dada wa maabara ya kemia, mwembamba mwenye sauti ya kondakta. Alipoona hesabu na chupa yake vinasema jambo moja alinipiga mgongoni nikataka kudondoka. Akaniambia, "Kumbe huyo ndugu yako yupo kweli." Walikuwa wanadhani nimekubuni.

Kwa hiyo sasa nakutumia mzigo wenyewe. Natoa alumini hapa na pale naweka magnesiamu. Ukiangalia mafaili utaona nimekupangia seli, yaani visanduku vya atomu, ndogo na kubwa, na magnesiamu moja, na magnesiamu mbili. Nimeyapanga juzi nikiwa na usingizi, na nimeyapa majina vizuri usichanganyikiwe. Hapa ndipo penyewe, Nati. Magnesiamu ikishika, nina tasnifu. Isiposhika, sina kitu.

Emaye amekusagia pilipili ya berbere na unga wa shiro. Saba, binti wa Etiye Tobia, amepata kazi ya kumtunza bibi mmoja hukohuko Milano. Anaondoka mwezi ujao. Nipe anwani yako nimpe.

Wubit

*

Milano, 2 Februari

Wubiye,

Nisamehe ukimya. Kazi zilinizonga, profesa alinipa jukumu jipya, sikupata hata pa kupumulia.

Fungua namba za chini ukiwa umekaa. Magnesiamu inashika. Moja inashika mara mbili ya alumini tupu, na mbili zinashika karibu mara tatu. Niliendesha yote mawili, seli ndogo na kubwa. Hata mimi nilitabasamu peke yangu. Umefanya jambo, dada yangu. Abaye wako atainama.

Saba mwambie aache mzigo pale kanisani kwetu, nitaupitia. Anwani usimpe, kwa kweli sikai nyumbani, atahangaika bure. Baridi ya mwaka huu si ya kawaida. Hata tef ya injera haichachuki, ukiuchanganya unga Jumatatu mpaka Alhamisi bado umelala, lazima ndoo ikae ubavuni mwa jiko. Nimesikia hivyo kwa watu.

Mbusu Emaye.

Nati

*

Addis Ababa, Megabit 12

Nati, Nati, Nati,

Jana nilisimama mbele ya idara nzima. Nilivaa ile nguo nyeupe ya Emaye yenye mshono wa kijani. Nilipofika kwenye namba za magnesiamu Gashe Demissew, ambaye hajawahi kumsifu mtu ila marehemu, alisimama akasema, "Hii ndiyo kazi tuliyokuwa tukiisubiri." Nilicheka, Nati. Nilicheka mbele za watu na sikuziba mdomo. Nilikumbuka nikiwa njiani kurudi.

Lidet ameanza kutengeneza unga wiki hii. Unaingia tanuruni, kisha anaupitishia maji halisi ya Meki, Abaye mwenyewe kayajaza kwenye madumu na kuyapakia kwenye lori la nyanya. Tarehe ya kutetea imepangwa, katikati ya Sene. Jina lako linakaa kwenye ukurasa wa pili, na kwenye makala tunayoandika linakaa pembeni ya langu. Usibishe.

Jumapili nilisoma barua yako wakati wa kahawa. Majirani walipiga vigelegele pale pa Abaye kuinama. Emaye hakupiga. Alikuwa anapepea makaa, akasema moshi umemwingia machoni, akatoka nje. Amekuwa hivyo tangu mfungo uanze. Nadhani ni njaa, anafunga kama mtawa.

Na wewe, tangu lini unajua ndoo ya tef inakaa wapi? Uliyeshindwa kuchemsha yai? Kuna mwanamke anakupikia huko, sema. Mimi sitamwambia mtu, nitamwambia Emaye tu.

Wako mwenye furaha hadi aibu,
Wubit

*

Milano, 3 Aprili

Wubiye,

Hongera. Hakuna mwanamke.

Jina langu usiweke. Kwenye makala wala ukurasa wa pili. Mimi nilibonyeza kitufe tu, kazi ni yako. Profesa wangu pia hapendi tutoe mashine kwa kazi za nje, akiliona jina nitapata matatizo. Nakuomba sana.

Nati

*

Addis Ababa, Miyazia 18

Nati,

Barua hii simsomei Emaye.

Unga haushiki. Lidet ameutengeneza, ameurudia, amebadilisha moto wa tanuru, ameurudia tena. Maji ya Meki yanaingia na floraidi yake na yanatoka na floraidi yake. Hata alumini tupu ilifanya vizuri kuliko huu. Gashe Demissew alimwita Lidet mbele ya wanafunzi wake akamwambia ni mzembe, kwamba hesabu ziko sahihi na mikono yake ndiyo michafu. Lidet, mwenye sauti ile, aliangalia chini. Na mimi nilikuwa nimesimama pale pale, Nati, nikanyamaza, kwa sababu nilikuwa na namba zako na nilikuwa na uhakika nazo.

Nilirudi kwenye mafaili yangu kutafuta kosa. Nilijua litakuwa langu. Na kweli nimelikuta, kosa la kijinga, utacheka. Ile seli kubwa niliyoiita "magnesiamu mbili, kubwa" sikuibadilisha. Siku ile ya usingizi niliirefusha ile seli ndogo ya magnesiamu moja mara mbili, nikaipa jina, nikasahau kuhamisha zile atomu. Ni kitu kilekile kimerudiwa. Hakuna jipya ndani yake.

Sasa wewe unajua kama mimi. Kitu kilekile kikirudiwa mara mbili, nishati yake ni mara mbili. Si karibu na mara mbili. Ni mara mbili, hata mashine ikiwa mbovu kiasi gani. Nimeangalia namba uliyonipa ya seli ndogo na ile ya seli kubwa. Haziendani hata kidogo. Ile kubwa imeshuka chini mno, kana kwamba kweli kulikuwa na mpangilio mpya unaoshika vizuri zaidi.

Labda ulichanganya majina. Labda ulinakili vibaya. Nitumie faili la matokeo, lile lenyewe lililoandikwa na mashine, siyo namba. Mtandao nitauvumilia.

Wubit

*

Milano, 29 Aprili

Wubit,

Nimesikitika kwa ajili ya huyo Lidet. Lakini unga una mambo mengi, unajua mwenyewe. Hesabu ni hesabu, jiko ni jiko.

Kuhusu ile seli, mashine ilizimwa kwa matengenezo katikati, nadhani hesabu ilikatika kabla ya kutulia ikatoa namba isiyokomaa. Inatokea. Mafaili yalifutwa, huku yanafutwa kila baada ya muda.

Na nikuambie ukweli, barua yako imeniuma. Mimi nimejitolea, nimekuendeshea kazi yako juu ya kazi zangu, sijaomba hata asante. Leo unanihoji kama polisi. Kama huniamini mimi utamwamini nani? Rekebisha hiyo seli moja, endelea na nyingine. Siku ya kutetea hakuna atakayeuliza.

Nati

*

Addis Ababa, Miyazia 24

Natnael,

Hesabu isiyokomaa inabaki juu, haishuki chini ya ile iliyokomaa. Uliyenifundisha hilo ni wewe, hapa kwenye kitanda hiki, ukitumia mto na blanketi.

Leo asubuhi Emaye aliniuliza kwa nini sili. Sikumtaja mtu. Nilichukua mesobu yake, kile kikapu cha injera cha harusi, nikamwonyesha ua lililosukwa ubavuni. Nikamwuliza, ukisuka ua hili mara mbili, nyasi zinazotumika si mara mbili? Akasema ndiyo. Nikamwuliza, na mtu akikuambia amesuka maua mawili yale yale, lakini nyasi zake haziendani, utasemaje? Alilishika lile ua kwa kidole muda mrefu. Halafu akasema labda nyasi zilikuwa chache, mwanangu, labda alikuwa hana nyasi. Akaingia jikoni. Sikumwelewa.

Sikuhoji. Nakuuliza jambo moja, na unijibu kama tulivyolelewa. Hizi namba zilitoka wapi?

Wubit

*

Milano, Ginbot 9

Wubiye,

Zilitoka kichwani kwangu.

Mtihani nilikuwa nimeanguka mwaka wa kwanza, Desemba nikaurudia, nikaanguka tena. Kabla Krismasi yao haijapita profesa aliniita akaniambia nafasi yangu imekwisha. Hakunigombeza. Alinipa mkono. Siku ileile neno langu la kufungulia mashine halikufungua tena. Sasa naosha vyombo kwenye mkahawa wa Wahabesha, na asubuhi nachanganya tef. Ndiyo maana najua ndoo inakaa wapi. Injera ninayo, nakula kila siku.

Mafaili yako ya magnesiamu yalinikuta nimo humo jikoni. Niliandika "Wubiye, nimefukuzwa", nikafuta, nikaandika tena. Kila nikitaka kutuma naiona Jumapili. Kahawa, majirani, wewe umesimama na karatasi, Emaye ameshika shela yake. Ungesoma vipi hiyo barua? Nikasema nitakupa hizi mara moja tu, halafu nitatafuta mtu mwingine wa kuziendesha kweli, nitakuambia nimepata zilizo bora. Nilimwomba mwenzangu mmoja wa zamani. Hakunijibu.

Sikuandika ovyo. Nilikaa nikawaza mashine ingesema nini. Nilifungua mafaili, nikasoma majina, nikajua unachokitaka, nikakuandikia hicho. Ile kubwa uliita "magnesiamu mbili", nikaamini ni mbili, nikaipa namba ya mbili. Sikudhani kwamba unaweza kusahau. Wewe huwa husahau kitu.

Alumini tupu ni kweli. Naapa kwa Mikaeli Mtakatifu, zile za Novemba zote ni za mashine.

Nifanye chochote unachotaka. Nipigie kelele. Lakini nakuomba kitu kimoja, kwa maziwa ya mama yangu: barua hii usimsomee Emaye. Itamuua.

Nati

*

Addis Ababa, Sene 15

Natnael,

Leo ndiyo siku niliyopangiwa kutetea. Mvua imeanza tangu asubuhi, na nimekaa kwenye chumba cha mashine cha idara, kwa sababu sina pengine pa kuwa.

Barua yako ilipofika nilikwenda kwa Gashe Demissew nikamwambia kila kitu. Alivua miwani akaifuta muda mrefu. Aliniuliza jambo moja tu, kwamba ni zipi za kweli na zipi za uongo. Nikamwambia ndugu yangu anaapa kwamba za alumini ni za kweli. Akasema, "Na wewe unaamini?" Nikachukua kalamu yake nikaanza kuzikata. Tumeziondoa zote, Natnael. Hata zile za kweli, kama zipo.

Nafasi ya ualimu imekwenda kwa kijana wa Gondar. Ni mtu mwema, hana kosa. Lidet nilimwomba msamaha mbele ya watu walewale waliomwona akitukanwa, na Gashe akamwomba pia, kwa taabu. Lidet alisikiliza hadi mwisho, halafu akasema, "Nilijiona mchafu kweli. Nilianza kunawa mikono mara mbilimbili." Hilo nalo ni lako, lichukue.

Sikiliza. Ungeniambia umefukuzwa, ningelia nawe. Ningekucheka kidogo, halafu ningekaa na ile mashine mbovu, na leo ningekuwa na kazi ndogo iliyo yangu. Wewe hukuninyima kitu, ndiyo shida. Ulinijua vizuri mno. Mashine haijui ninachokitaka, ndiyo sababu niliipenda tangu mwanzo, haina huruma na mimi. Wewe ulikaa ukaniwaza mimi, mapengo yangu yote, baba yangu, ukanipa kilichoyajaza. Nilisimama nikacheka mbele za watu kwa namba ulizozitunga jikoni. Siku ile ilikuwa siku yangu njema kuliko zote, na nimelazimika kuirudisha.

Emaye nimemsomea.

Uliomba nisisome, na nilikusudia nisisome. Lakini Jumapili alikaanga kahawa, majirani wakaingia, akasema, "Nati ameandika?" na mimi nilikuwa nimechoka kudanganya kwa niaba yako. Nilisubiri Etiye Tobia na wengine waondoke baada ya kikombe cha pili, kila mmoja ana lake siku hizi na hawasubiri cha tatu. Nikasoma yote, sikuruka. Kufukuzwa, vyombo, tef. Nilikuwa naisoma huku namwangalia, tayari kumdaka.

Hakushtuka. Aliendelea kusuuza vikombe. Nilipomaliza alisema, "Saba aliniambia. Alipokwenda kanisani na mzigo alimkosa Nati, akaenda kula, akamkuta nyuma ya mlango wa jikoni." Hiyo ni Yekatit, Natnael. Kabla sijasimama mbele ya idara. Nguo nyeupe niliyovaa siku ile alinipigia pasi yeye.

Nikamwuliza, Emaye, ulijua hayuko kwenye mashine, na ulinisikia kila Jumapili nikisoma namba za mashine? Alilia. Alisema hakutaka mtaa ukucheke. Alisema alikuwa anaomba Mungu urudi kabla sijajua. Halafu akasema, "Nilidhani ni namba tu, mwanangu. Nilidhani namba haziumizi mtu."

Alinibeba siku ya ubatizo. Nimelala kwenye nyumba yake na kula mkononi mwake. Kumbe mlikuwa wawili mliokuwa mnajua, mmoja huko na mmoja hapa, na mimi katikati nawasomea. Sijui ni nani kati yenu aliyeniumiza zaidi, na nimechoka kupima.

Alikuwa ameshamimina kikombe cha tatu, cha baraka. Unajua mwenyewe kwamba tangu nikanyage nyumba ile sijawahi kuondoka kabla ya hicho. Nilisimama nikachukua begi langu. Kikombe nimekiacha pale kwenye sinia, kinafuka moshi. Sasa nakaa kwa Lidet. Ana kitanda kimoja na anakoroma, lakini akikoroma anakoroma kweli.

Nimeanza upya na mashine ya idara. Nimejifunza kuilazimisha ihifadhi kila hatua, umeme ukikatika naendelea pale ilipoishia, na ukikatika tena naendelea tena. Alumini tupu, seli ndogo kabisa. Ilimaliza juzi. Kisha nikairefusha mara mbili, nikangoja. Imemaliza leo, saa ambayo ningekuwa nimesimama natetea.

Ni mara mbili. Niliitazama namba ile hadi macho yakaniuma, kwa sababu ni yangu na haitoki kichwani kwa mtu. Nikataka kumwambia mtu. Lidet yuko tanuruni, Abaye hasikii vizuri kwenye simu, Emaye siwezi. Mkono wangu ukafungua barua wenyewe na kuandika anwani yako.

Ni mazoea tu. Usinijibu.

Wubit Zerihun